Thelathini na Themanini

Morogoro,
Jumatano, 6 Machi 2024

Kwako Mjomba Yeremia,

Shikamoo, Mjomba. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka thelathini na minne na siyo ishirini. Mvua huku haikati. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana nikipiga unaweka sauti ya nje na gereji nzima inajua mambo yangu kabla yako. Sikulaumu. Najua sikio halijapona tangu lile tairi likupasukie.

Mama mwambie dagaa wake wamefika. Wachache, nadhani kondakta wa basi alionja njiani. Mama Dorcas hapo nyumbani kwako naye msalimie sana, pamoja na Dorcas mwenyewe.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha. Tangu nitoke kwako hapo Mabatini ni miaka kumi na mmoja, na najua huwa unajiuliza huyu kijana alifika wapi. Hapa yadini kwetu wageni hulaza magari yao makubwa, yale yenye kitanda na jiko ndani. Siku hizi wageni wananiita fundi. Wiki iliyopita walikuja wazee wawili, Mzee Abdillah na mkewe Bi Mastura. Mzee alikuwa dereva wa malori Maskati miaka arobaini, hajawahi kugonga hata kuku, na amerudi na gari-nyumba lake kwa meli. Bi Mastura ni mtoto wa Mabatini kabisa, anataka kufunga Ramadhani na ndugu zake huko. Ila gari-nyumba haliwezi kupanda vichochoro vya kwetu kati ya mawe. Kwa hiyo walitaka kununua kigari kidogo, wakikokote nyuma magurudumu yote manne yakiwa chini, wakifika ziwani wanakifungua, wanapanda nacho kwa ndugu.

Bosi alikuwa na magari mawili ya kuuza. Jeusi la gia za mkono, la zamani, klachi yake ngumu. Na la bluu, otomatiki, kiyoyozi kinapuliza kama upepo wa ziwa. Mzee alilitaka jeusi. Bi Mastura akasema, "Goti langu hili likanyage klachi kila kona? Basi nibebe mgongoni, Abdillah." Mzee akanigeukia, akaniuliza, "Fundi, hili la bluu linakokoteka?"

Nikamwambia linakokoteka. Si ndivyo ulivyonifundisha, Mjomba? Weka gia N, funga kamba, vuta. Magari mangapi tumeyavuta hivyo kutoka Nyegezi hadi gereji. Nikaangalia na kitabu cha gari, kinasema N, upepo thelathini, mwendo usizidi themanini. Nikajaza tairi zote upepo thelathini, nikaweka N, nikaifunga leva ya gia kwa kitambaa chekundu mafundo matatu ili isichezecheze, nikazungusha ufunguo nusu usukani usijifunge. Kila kitu kwa mkono wangu. Wakaondoka Jumapili. Mzee alinishika mkono kama mtu mzima mwenzake.

Nimewaambia wakipata shida yoyote Mwanza wamtafute Fundi Yeremia. Sikusema kwamba ni mjomba wangu. Nilitaka wanisifie kwako bila kujua wanamsifia mpwa wako.

Barua hii nampa kondakta, aiache dirisha la vifurushi pale stendi ya Nyegezi.

Mpwa wako,
Shimba


Mabatini, Mwanza,
21 Machi 2024

Mpwa wangu Shimba,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Mama yako Kija alikuja Jumapili kutoka Buswelu, anaendelea vizuri, amepanda viazi ambavyo mvua imevizamisha, sasa anasema amelima mpunga. Dorcas amepata kazi ya kuuza dukani. Mama Dorcas anasema mbona huandiki. Na mimi nasema hivyohivyo. Tangu Krismasi sijaona barua yako.

Nina jambo la kukuuliza, ila kwanza nikuchekeshe, maana hapa gereji tumecheka wiki nzima.

Niliitwa ufukweni, mbele ya Nyegezi, na wazee wawili waliotoka huko kwenu Morogoro na gari-nyumba. Umewahi kuona kitu hicho? Mwanamke yuko ndani anakaanga vitumbua, mwanamume mbele ameshika usukani. Nyuma wamekokota kigari cha bluu. Wakakifungua kutoka kwenye chuma cha kukokotea, mzee akaingia ndani, akawasha mbele yangu, injini ikawaka mara moja, tamu kabisa. Lakini kwenye leva kulikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa, mzee ameshindwa kukifungua. Vijana wangu wakasema, "Fundi, hii ni hirizi." Nikakikata kwa kisu, nikaweka D ya kwenda mbele, nikakanyaga mafuta. Gari halikwenda mbele wala nyuma. Nikaingia chini. Haidroliki, yale mafuta ya gia boksi, nyeusi kama kahawa, inanuka kuungua, na vipande vya chuma ndani yake.

Nikamuuliza, "Mzee, ulilikokota likiwa kwenye nini?" Akasema N. Nikamwambia gari likiwa kwenye N haliungui gia boksi, haijawahi kutokea. Ulilikokota likiwa kwenye D. Akasema, "Kijana wa Morogoro aliweka N kwa mkono wake." Nikamuuliza kama hakuingia ndani ya lile gari njiani. Akafikiri. Akasema Singida aliingia kuchukua koti lake. Nikamwambia basi ni hapo, ulisukuma leva na kiwiko. Vijana walikuwa wamesimama wanasikiliza, nikasema, "Mzee wangu, hiyo D ni ya Dodoma, ungeiacha hukohuko." Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Yeye hakucheka. Alikuwa amefunga, nadhani na jua lilimchosha.

Gari liko hapa gereji linasubiri gia boksi jingine. Mzee huja kila siku kwa bajaji, anakaa kwenye benchi letu, hanywi maji, hasemi sana. Juzi aliniuliza, "Fundi, mtu anaweza kugusa kitu kama hicho na asikumbuke kabisa?" Nikamwambia uzee ni uzee, Mzee, hata mimi nasahau spana mkononi. Binti yao Bushra yuko Maskati. Amepiga simu kwa mama yake, kasema baba asiendeshe tena mpaka apimwe akili. Sasa Bi Mastura anakaa na funguo zote kwenye mkoba wake, na kila asubuhi anamuuliza mumewe leo ni siku gani na majina ya wajukuu. Anajibu sawasawa. Lakini anajibu kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Sasa nililotaka kukuuliza. Huyo kijana aliyewafungia gari unamfahamu? Mzee anasema ni mrefu, lafudhi yake ya huku kwetu, na ndiye aliyewaelekeza kwangu. Kama unamfahamu mwambie asijisumbue, kosa si lake.

Mjomba wako,
Yeremia


Morogoro,
9 Aprili 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumatano iliyopita, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa tena.

Pole na kazi. Pole na mvua. Mama mwambie viazi vikizama asiving'oe haraka, maji yakipungua vingine huwa vinapona. Hongera kwa Dorcas. Huku tunaambiwa Idi ni kesho, na bosi ametoa mbuzi kwa wafanyakazi Waislamu na sisi tumepewa soda. Kazi ni nyingi. Nimeumia kidole gumba, tairi la lori liliniangukia, si sana, naandika nacho hivyo hivyo kama unavyoona.

Kuhusu yule kijana, hapa wapo wengi. Watu wa kanda yetu tuko wanne au watano. Nitauliza.

Mzee hajambo? Bado anakuja kukaa kwenye benchi? Labda ungemwambia kwamba mambo ya magari yana sababu nyingi. Labda gia boksi lilikuwa limechoka kabla. Sijui. Wewe ndiye fundi.

Jambo jingine dogo. Kuna barua nilituma mwezi wa tatu, nilimpa kondakta. Kama itafika usihangaike kuisoma, haina maana, ni salamu tu, na habari zake zimepitwa. Unaweza kuwashia jiko.

Wako,
Shimba


Mabatini,
2 Mei 2024

Shimba,

Sisi ni wazima. Mama yako ni mzima.

Barua yako ya Machi nimeipata juzi. Ilikuwa pale dirishani Nyegezi, chini ya boksi la vifaranga la mtu mwingine. Ina harufu. Sikuwashia jiko.

Niliisoma mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili nikakaa kwenye lile benchi. Halafu nikaenda kwenye lile gari la bluu, nikafungua droo, nikatoa kitabu. Mimi Kiingereza changu unakijua, kinaishia kwenye majina ya spea. Nikakipeleka kwa Mwalimu Rebeka aliyepanga chumba cha mbele. Nikamwonyesha ukurasa wenye picha ya gari lililofungwa kamba, na herufi N, na 30, na 80. Akanisomea taratibu kwa Kiswahili. Nakuandikia kama alivyosema.

Inasema gari hili likikokotwa magurudumu yote yakiwa chini, weka N, na mwendo usizidi kilomita thelathini kwa saa. Na umbali usizidi kilomita themanini. Zaidi ya hapo gia boksi litaharibika. Na inaeleza kwa nini: pampu inayopeleka haidroliki inazungushwa na injini, injini ikizimwa magurudumu yanazungusha gia kavu.

Thelathini siyo upepo, Shimba. Na themanini siyo mwendo. Kutoka Morogoro hadi hapa ni kilomita kama mia tisa.

Lile jeusi lingefika. Gia za mkono zinajirushia oili zenyewe.

Sikuandikii kukugombeza. Nina langu. Miaka yote nimevuta magari kutoka Nyegezi hadi hapa, kilomita sita, saba, kwa mwendo wa punda, nikasema N inatosha. Ilitosha kwa sababu safari ilikuwa fupi. Nikakufundisha hivyo kana kwamba ndiyo sheria yote. Na kuna lingine baya zaidi. Gari la otomatiki haliwaki likiwa kwenye D. Halikubali. Mwanafunzi wa wiki moja anajua. Mimi nilimwona mzee akiwasha, injini ikaitika mara moja, na kitambaa chako kimeishika leva mafundo matatu mpaka nikatumia kisu. Ushahidi wote nilikuwa nao mkononi. Sikuuona kwa sababu nilikuwa nawachekesha vijana.

Mzee bado anakuja. Jana alimwomba mmoja wa vijana amsaidie kuvuka barabara. Mtu aliyeendesha malori jangwani.

Nilitaka kumwambia jana ileile. Nikashindwa, maana nikisema ni kitabu hakikusomwa vizuri, atauliza nani alikisoma. Hilo si langu kulisema bila wewe. Nakusubiri. Lakini usichukue muda mrefu, maana gari-nyumba limeshapata mteja kutoka Bukoba, na Bushra anasema liuzwe kabla ya mwisho wa Juni.

Yeremia


Morogoro,
27 Mei 2024

Kwako Mjomba Yeremia,

Shikamoo. Mama msalimie. Usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe nikija.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana. Hii ya nne hata ikiwa mbaya nitaituma.

Sikukisoma kitabu, Mjomba. Nataka ulijue hilo kwanza. Ulidhani nilikisoma vibaya. Sikukisoma kabisa. Ilikuwa hivi. Mzee Abdillah alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, maandishi madogo hayaoni. Bi Mastura alikuwa ndani anaswali. Mzee akanipa kitabu, akasema, "Fundi, wewe una macho ya kijana. Nisomee hapo panaposema juu ya kukokota." Ningeweza kusema, Mzee, mimi niliishia darasa la tano, Kiingereza sikijui. Maneno hayo ni mafupi. Ningeweza kusema tumsubiri Bi Mastura amalize swala atusomee. Ni dakika tano tu. Nikashika kitabu, nikapeleka kidole kwenye mistari polepole, nikawa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nikaona N, nikafurahi. Nikaona 30, nikasema moyoni hii ni upepo. Nikaona 80, nikasema hii ni mwendo. Nikamwambia kwa sauti ya fundi. Yeye akarudia, "Thelathini, themanini," akaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake ili asisahau. Hilo ndilo linalonila. Alikuwa anajilinda asisahau.

Na mimi si fundi. Hapa naosha magari, nachimba mitaro, nabeba tairi. Ovaroli nilipewa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ina maandishi mgongoni ambayo mpaka leo sijui yanasema nini. Wageni wakiiona wananiita fundi, na mimi nikaacha waniite.

Umesema una lako. Na mimi nina langu la zamani ambalo sijawahi kukuambia. Wewe labda umelisahau. Siku ile uliponituma mafuta ya breki nikaleta kopo la mafuta ya usukani. Gereji ilikuwa imejaa. Ulilishika lile kopo juu, ukasema, "Mtazameni profesa wa darasa la tano." Watu walicheka, na wewe ulicheka. Sikukasirika siku ile, nilicheka nao. Lakini wiki ile ile nikapanda basi bila kuaga, na nikajiwekea sheria kwamba hakuna mtu atakayejua tena kwamba sijui kusoma kitu. Nimeishika miaka kumi na mmoja. Ndiyo hiyo iliyokisoma kitabu cha Mzee.

Sisemi hivi ili tugawane kosa. Kosa nimelibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Barua yako ya kwanza iliniambia anakaa kwenye benchi anajiuliza kama akili imemtoka, nami nikakujibu mambo ya viazi. Nilitaka barua yangu ya Machi iliwe na panya. Kila siku nilikuwa najua kwamba mzee mmoja anaulizwa leo ni siku gani kwa sababu yangu, na nilikula, na nililala.

Nakuomba umsomee Mzee Abdillah haya yafuatayo, mbele ya mkewe. Usiyapunguze makali.

Mzee, shikamoo. Mimi ni Shimba, niliyekufungia gari Morogoro. Hukusukuma leva Singida. Nilikifunga kitambaa mafundo matatu, hakifunguki kwa kiwiko wala kwa koti. Lilikuwa kwenye N safari nzima kama ulivyosema. Gia boksi limeungua kwa sababu gari hilo halikupaswa kukokotwa mbali, na kitabu kilisema hivyo, na mimi nilijifanya nakisoma kumbe sijui Kiingereza. Wewe uliniuliza swali sahihi, na ulikumbuka kila nilichokuambia. Kumbukumbu yako iko sawa. Kibaya kilikuwa ni kile ulichopewa ukikumbuke. Ulitaka lile jeusi, na ulikuwa sahihi. Sina cha kukulipa. Jina la mama yangu ni Kija, anaishi Buswelu, na Fundi Yeremia ni mjomba wangu, ili ujue kwamba sijifichi.

Mwisho, Mjomba. Jumanne alikuja dereva na gari-nyumba jingine, ana karatasi mkononi, akaniita fundi, akaninyooshea. Nikamwambia mimi ni mwosha magari, hayo sijui kuyasoma, ngoja nikamwite bosi. Akasema haya, akampa bosi. Hakucheka. Hakunitazama hata mara mbili. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikakaa. Miaka yote ile nimeogopa kitu chepesi hivyo. Bosi naye nimemweleza yote. Amenihamishia kwenye mitaro moja kwa moja, na magari ya wageni nisiguse. Ni haki yake.

Shimba


Mabatini,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpwa wangu Shimba,

Wote ni wazima. Mama yako alisikia harufu ya jambo, akaja mwenyewe, nikamwambia asubiri mpaka wewe uje. Amesema atasubiri, lakini amekaa kwangu tangu Alhamisi na anasubiri kwa sauti.

Lile kopo sikulisahau. Ningependa kukuambia nililisahau. Nililikumbuka usiku ule ulipoondoka, na kesho yake Mama Dorcas akaniuliza kijana yuko wapi, nikamwambia vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikijibu hivyohivyo. Halafu akaja mzee amefunga, na mimi nikamfanyia lilelile, kwenye gereji ileile. Nadhani nisingeona la kwako bila la kwake. Nisamehe, Shimba. Ni neno ambalo sina mazoea nalo, kwa hiyo naliandika mara moja tu.

Jana nilienda ufukweni na barua yako. Sikutaka kumsomea gereji, lakini niliwachukua vijana wangu wawili waliocheka siku ile, wakasimama nyuma yangu mikono mbele. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, anatazama maji. Bi Mastura alikuwa anaanua nguo. Nikamwita na yeye.

Kabla ya yako nikasema yangu. Nikamwambia kwamba gari lisingewaka kama lingekuwa kwenye D, nami nililiona likiwaka, na fundi wa kweli angejua papo hapo. Halafu nikasoma barua yako yote tangu mwanzo, kama ulivyoandika.

Mzee akaomba nirudie pale penye thelathini na themanini. Nikarudia. Akafungua kiganja chake akakitazama, ingawa wino ulishafutika miezi mitatu iliyopita.

Bi Mastura ndiye aliyeanza. Usijidanganye, hajakusamehe. Alisema, "Huyo mtoto kanitia ubaya wa kumpima mume wangu kama mtoto wa chekechea, miezi mitatu, na mimi nikakubali." Akatupa nguo kwenye beseni. Kisha akalia kidogo, nadhani kwa hilo la kukubali. Nilimwambia utakuja kumwangukia miguuni mwenyewe. Akasema uje, atakuambia usoni, na ukija uje na njaa kwa sababu hagombani na mtu mwenye tumbo tupu. Sikuelewa kama ni hasira au ni karibu. Nadhani vyote viwili.

Mzee alimwacha amalize. Halafu akamwita.

"Mastura. Leo ni siku gani?"

Bi Mastura akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Jumamosi."

"Tarehe?"

Akasita. Akanitazama mimi. Akahesabu kwenye vidole. "Saba," akasema.

"Nane," Mzee akasema. "Naomba funguo."

Alizitafuta kwenye mkoba muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akampa. Mzee akapanda kwenye gari-nyumba, akakaa kwenye usukani, akaweka vioo sawa kimoja kimoja, bila haraka. Vijana wangu wakakimbia kutoa mawe kwenye magurudumu. Akashusha kioo, akaniambia, "Fundi, mwambie mpwa wako lile jeusi kama bado lipo, asiliuze mtu." Kisha akaondoka ufukweni, akashika barabara ya Nyegezi taratibu, kamba ya nguo ingali imefungwa kwenye kioo cha kulia, na mashuka ya Bi Mastura yanapepea nyuma yake njia nzima.

Mjomba wako,
Yeremia